Kabla Hujamfokea Mtu wa Huduma, Pima Waya wa Kwenu

Leo naanza kwa kuungama.

Mwezi wa nne mwaka jana, mvua ikiwa imeipiga Nakuru wiki nzima, nilimpigia simu dada wa huduma kwa wateja wa kampuni inayotuletea intaneti nyumbani. Nikamfokea kama mtu aliyeniibia pochi. Mdogo wangu alikuwa ametupwa nje ya CAT ya mtandaoni dakika chache kabla. Skrini iliganda kwenye swali la saba, na iliporudi muda ulikuwa umeisha. Alikuwa amekaa kitandani kwangu analia, na mimi nikaona lazima mtu alipe.

Dada wa simu alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaniuliza kwa upole, "Umejaribu kuunganisha laptopu moja kwa moja kwenye ruta?"

Nikamjibu, "Madam, usinifundishe. Mimi ndiye hulipa." Nikakata simu.

Swali lake ndilo lilikuwa jibu. Ilinichukua wiki tatu kujua hivyo, na kabla ya hapo mathe alikuwa ameshalipa Sh1,000 zaidi kila mwezi kwa miezi minne, akitoa kwenye kibanda chake cha nguo, ili tutoke megabiti 10 twende megabiti 20. Hakuna kilichobadilika. Elfu nne zilienda hivyo, na alama za mdogo wangu pia zikaenda.

Maoni yangu leo ni haya: intaneti ya nyumbani ina pande mbili, upande wa kampuni na upande wa kwenu. Usipojua upande wa kwenu unaanzia wapi, utalipia spidi kila mwezi na itakuwa inafia kwenye ukuta wa nyumba yenu wenyewe.

Wacha niwapeleke nyumbani. Tunaishi Section 58, kwenye nyumba ya mawe ambayo guka alijenga kabla mimi sijazaliwa. Guka alikuwa na simu ya mezani. Wale wa rika letu hawawezi kuelewa hiyo ilikuwa heshima gani. Hizo zilikuwa enzi za shirika la Posta na Simu, kabla halijagawanywa mwaka wa 1999 na Telkom Kenya ikazaliwa. Majirani walikuwa wanakuja kwa guka kupiga simu, na aliweka kufuli ndogo kwenye kile kidude cha kuzungusha namba, vijana wasimalize pesa. Simu moja ilikaa sebuleni. Ya pili ilikaa chumba cha nyuma ambacho kilikuwa ofisi yake, na waya wa kuziunganisha ulipita juu ya dari, ukashuka ukutani nje, ukaingia nyuma.

Simu yenyewe ilikufa kitambo. Hiyo si hadithi ya kwetu peke yetu. Simu za mkononi zilikuja, na wezi wa shaba wakafanya nguzo za simu kuwa shamba lao. Ungelala na laini, uamke waya wa mtaa mzima umeuzwa kwa kilo. Ndiyo sababu Kenya haikupitia sana ile hatua ambayo Uingereza na nchi zingine zilipitia, ya kusukuma intaneti kwenye waya wa simu wa kila nyumba. Sisi wengi tuliruka kutoka saiba mpaka modemu ya kuchomeka, halafu kwenye simu, halafu faiba. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka wa 2009, na polepole ule uzi wa kioo ukapanda mpaka huku Bonde la Ufa, mpaka ukafika kwenye dirisha la sebule ya shosho.

Sasa chumba cha nyuma ni changu. Ndio studio yangu, ndio ninakohariri video zenu. Kutoka sebuleni ni kama mita 15, na katikati kuna kuta tatu za mawe. Wi-Fi ilikuwa inafika ikiwa imechoka kama abiria wa kutoka Busia. Kwa hivyo nikaita fundi wa mtaani aje avute waya. Akaangalia juu, akaona waya wa guka, akasema, "Kwani unataka kununua waya mwingine wa nini? Si huu uko tayari?" Akakata kule, akakata huku, akafunga vichwa vya plastiki, akachomeka. Ikawaka. Nikampa pesa na chai juu. Nilijiona mjanja.

Na ilifanya kazi, hapo ndipo shida ilipo. Waya mbaya haukatiki kabisa. Ungekatika ningejua. Unafanya kazi kidogo, leo vizuri, kesho vibaya, mpaka unaanza kulaumu kampuni, serikali na mvua.

Mvua ndiyo iliyofungua hii kesi. Jioni moja nilikuwa nalalamika jikoni kwamba kila ikinyesha intaneti inakuwa takataka. Shosho alikuwa anachambua mboga, hata hakuinua kichwa. Akasema, "Hiyo waya ya guka wako ilikuwa hivyo tangu zamani. Mvua ikinyesha inachakacha hata humsikii mtu wa upande ule."

Manze, nilinyamaza kama dakika nzima.

Kesho yake nikapanda ngazi. Nje, chini ya mabati, waya ulikuwa umeunganishwa kwa mkono ndani ya kisanduku cha chuma. Nyaya mbili mbili zimepindwa pamoja na kufungwa tepu, na tepu yenyewe ilikuwa imeachilia. Shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani. Maji yakiingia hapo, sauti inachakacha. Guka aliweza kuvumilia, kwa sababu masikio ya binadamu yanajaza mapengo. Data haina uvumilivu huo. Kipande kikiharibika njiani lazima kitumwe tena, na kikiharibika tena kinatumwa tena, na wewe unaona kile kiduara kinazunguka.

Hebu niwaeleze kidogo kwa nini waya wa simu si waya wa intaneti, hata kama vyote ni shaba. Sauti ya mtu kwenye simu ya zamani inabebwa kwenye masafa ya kati ya hezi 300 na 3,400 hivi, basi. Kwa kazi hiyo waya wowote unatosha. Data ya kebo ya kisasa inakimbia kwa mamilioni ya hezi, na hapo kila kasoro inahesabika. Ndiyo maana ndani ya kebo ya mtandao nyaya zimesokotwa mbili mbili, kwa kubana. Hiyo mbinu Alexander Graham Bell aliipatia hataza mwaka wa 1881, kwa simu zake. Mkiwa mmeona shosho akisokota uzi wa kiondo kwenye paja, mnajua nyuzi mbili zikisokotwa hakuna inayokaa upande mmoja. Kelele za umeme zikija kutoka nje zinazigonga zote mbili sawasawa, na mashine ya upande wa pili inaifuta hiyo kelele kwa kutoa moja kwa nyingine. Waya wa guka ulikuwa umelala tu sambamba, bila msokoto wa maana, na ulipita karibu na waya wa stima kwenye dari.

Kuna la pili. Kebo nzuri ya mtandao, kama ile ya Cat5e, ina nyaya nane, yaani jozi nne. Ukitaka gigabiti nzima unahitaji zote nane. Ukiwa na jozi mbili unaweza kupata megabiti 100 mwisho, tena kama waya ni msafi. Wa kwetu ulikuwa na jozi mbili na haukuwa msafi. Nilipofungua mipangilio ya mtandao kwenye laptopu yangu, pale panapoandikwa kasi ya muunganisho, palikuwa na namba moja: 10.

Soma tena. Kumi. Ruta na laptopu zilikuwa zimeongea, zikajaribu ule waya, zikakubaliana kwamba zaidi ya megabiti 10 hauwezi. Na hata hizo 10 hazikuwa zinafika zote. Mathe angelipa kifurushi cha megabiti 100, mimi kule nyuma ningebaki palepale. Tulikuwa tunanunua maji ya lori zima na kuyapitisha kwenye mrija wa soda.

Ndiyo maana nasema pima. Na kupima si sayansi ya roketi. Unahitaji kebo moja fupi unayoiamini, laptopu (azima kama huna), na karatasi.

Kwanza, anza pale intaneti inapoingilia nyumba. Waambie watu wote watoke kwenye Wi-Fi kwa dakika tano, chomeka laptopu kwenye ruta kwa ile kebo fupi, kisha upime kwa Speedtest au fast.com. Rudia mara tatu: asubuhi, mchana, na saa tatu usiku wakati mtaa mzima uko kwenye video. Andika namba, usitegemee kichwa. Hii ndiyo namba ya kampuni. Ikiwa unalipia 20 na hapo unapata 18 au 19, wao wameleta mzigo. Kinachopotea baada ya hapo kinapotelea kwenu. Uingereza, soketi kuu ya simu ya nyumbani huwa na tundu la kupimia lililofichwa nyuma ya kifuniko. Ukichomeka hapo, unakuwa umezitenga nyaya zote za ndani ya nyumba, na ubishi wa nani wa kulaumiwa unaisha. Sisi hatuna tundu hilo, lakini ruta inatufanyia kazi hiyohiyo.

Pili, tembea. Pima kwa Wi-Fi ukiwa umesimama kando ya ruta, halafu nyuma ya ukuta mmoja, halafu mwisho wa nyumba. Utaona kabisa ni ukuta gani unakula. Kumbuka kwamba Wi-Fi ya gigahezi 5 ni ya haraka lakini haipendi kuta, na ile ya gigahezi 2.4 inapenya zaidi lakini ni ya polepole na imejaa watu. Ukiwa kwenye ploti ya Kaptembwo au Free Area yenye ruta ishirini, wote mnapigania chaneli tatu tu zisizogongana, yaani 1, 6 na 11. Kuna programu za simu za bure zinazokuonyesha ni ipi ina nafasi.

Tatu, kama una waya wa kwenda chumba kingine, angalia ile namba ya muunganisho. Ikisema 1000, fiti. Ikisema 100 na kifurushi chako kiko chini ya 100, hapo pia uko sawa. Ikisema 10, usiite kampuni. Ita ngazi.

Nne, itumie ruta yenyewe kama shahidi. Tuma pingi kwa ruta, mara nyingi anwani yake ni 192.168.1.1 au imeandikwa kwenye kibandiko chini. Kwa waya, jibu linafaa kurudi ndani ya milisekunde 1 au 2, bila hata moja kupotea. Kwangu zilikuwa zinapotea, na zingine zinarudi zimechelewa kama mtu aliyetoka kwa ex. Hiyo ni safari ya kutoka chumba changu hadi sebuleni, jamani. Hakuna kampuni yoyote katikati.

Tano, hesabu vizuri. Kampuni zinauza megabiti, faili zako zinapimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Megabiti 20 ni megabaiti 2.5 kwa sekunde. Video ya gigabaiti 2 ukiipakia kwa megabiti 5 ni karibu dakika 53. Kwa megabiti 20 ni kama dakika 13. Hiyo tofauti ya dakika 40, kwa mtu anayeishi kwa kutuma kazi za wateja kwa wakati, ni pesa.

Na tahadhari kidogo, kwa sababu nawajua. Usifungue kisanduku cha faiba cha kampuni, na usichungulie mwisho wa ule uzi, mwanga wake hauonekani lakini jicho unaliumiza. Usiukunje faiba kwa kona kali nyuma ya kabati, kioo hakipendi kukunjwa na mwanga unavuja hapo. Kwenye kisanduku ikiwaka taa nyekundu ya LOS, hiyo ni ya kampuni, wapigie. Laini ya simu ya zamani ambayo bado iko hai hubeba kama volti 48, na ikilia inapanda zaidi, kwa hivyo usiiguse ukifikiri imekufa. Usipitishe kebo ya mtandao kwenye mfereji mmoja na stima. Na nguzo si yako, shuka.

Sasa najua mnachotaka kusema, kwa sababu beshte yangu mmoja wa Kiamunyi alishaniambia: "Kwa hivyo unatetea makampuni? Sisi tulipe na bado tuwe mafundi?"

Hapana. Makampuni yana makosa yao na nitayasema. Fundi anakuja, anatoboa tundu pale karibu na mlango kwa sababu ndipo waya unafika haraka, anabandika ruta kwenye kona ya chini nyuma ya TV, anapiga picha ya kazi, anaenda. Hajauliza unafanyia kazi wapi. Na mauzo wakikupigia kwamba uko polepole, jibu lao la kwanza ni kifurushi kikubwa zaidi. Hakuna aliyemwambia mathe, "Ngoja tupime kwanza." Walichukua elfu yake wakashukuru.

Lakini hiyo ndiyo sababu ya kupima. Ukipiga simu ukisema "net yenu ni mbovu", umempa mtu nafasi ya kukwambia zima uwashe. Ukipiga ukisema, "Kwa siku tatu, kwa waya, kwenye ruta, napata 6 badala ya 20, saa hizi na hizi," unaongea lugha nyingine. Na wasiposhughulikia, Mamlaka ya Mawasiliano hupokea malalamiko ya mteja ambaye alianza kwa kampuni yake na hakusaidika. Hapo karatasi yako ya namba ina uzito kuliko hasira zako.

Na wenye nyumba, hamjaponea. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 2021, na kila ukitazama Kiamunyi, Naka au upande wa Lanet kuna ghorofa inapanda. Utakuta soketi za stima kila ukuta, na hata sehemu ya TV imepangwa. Mfereji mtupu wa kupitisha kebo ya mtandao, hakuna. Kwa hivyo kila mpangaji anatoboa, kila kampuni inaning'iniza waya wake dirishani, na keateka anakuja kugombana na wewe kuhusu rangi ya ukuta. Bomba la plastiki likiwekwa kabla ya plasta halifikii hata bei ya mlango mmoja. Sisi tunaotafuta nyumba tuanze kuuliza hilo swali kama tunavyouliza kama maji ni kila siku. Mwenye nyumba akisikia swali hilo mara kumi, la kumi na moja atakuwa na jibu.

Na kwa wenzetu wa Njoro, Molo na Gilgil ambao faiba haijawafikia, somo ni lilelile. Kama unatumia ruta ya laini, pima dirisha kwa dirisha. Upande unaoangalia mlingoti unaweza kukupa tofauti kubwa kuliko kifurushi chochote, na paa la mabati linakunyima.

Mimi nilinunua mita 18 za kebo ya shaba halisi mjini, pamoja na vichwa, na kijana wa duka akanifungia. Sh1,300. Nikaipitisha mbali na stima, nikatoa waya wa guka wote. Namba kwenye laptopu ikasema 1000, na spidi ikasoma 19. Tukarudi kifurushi cha megabiti 10 na mathe akapata elfu yake. Kwa kazi zetu, 10 za kweli zinatosha kuliko 20 za kwenye risiti.

Alama za mdogo wangu hazikurudi. Hilo bado linaniuma, kwa sababu mimi ndiye niliyesema waya uko sawa, na mimi ndiye niliyemkaribisha afanyie CAT chumbani kwangu kwa vile "kuko na net ya waya".

Nilipiga tena ile namba ya huduma kuomba msamaha. Akapokea kaka mwingine, hakujua naongea kuhusu nini. Nikamweleza. Akacheka, akasema atafikisha salamu. Sijui kama alifikisha. Kwa hivyo dada, kama uko huku unasoma: ulikuwa sahihi, na mimi nilikuwa na kelele tu.

Nyinyi wengine, leo jioni kabla ya kumtukana mtu, chomeka laptopu kwenye ruta. Kisha niambieni mmepata namba gani.